Kapseret, Kapsabet, Kaptagat: Urefu Mmoja, Mwisho Mmoja

Leo nina majina matatu ya hapa kwetu: Kapseret, Kapsabet, Kaptagat.

Aliye na kalamu karibu ayaandike, moja chini ya jingine, kisha ahesabu herufi. Kila jina lina herufi 8. Yote yanaanza kwa Kap na yote yanaishia kwa herufi t. Sasa chini yake ongeza Eldoret. Hilo lina herufi 7, na jicho linauona upungufu huo papo hapo, kwa sababu mstari wake umekatika kabla ya mingine.

Weka kalamu chini. Yatamke majina hayo manne kwa sauti, jinsi malenga angeyatamka akiyatia katika shairi la Kiswahili, yaani akiyamalizia kwa irabu: Kapsereti, Kapsabeti, Kaptagati, Eldoreti. Pima kwa mdomo, pande kwa pande. Ka-p-se-re-ti, mizani tano. Ka-p-sa-be-ti, tano. Ka-p-ta-ga-ti, tano. E-l-do-re-ti, tano. Ule upungufu wa herufi moja haupo tena. Majina yote manne yana urefu mmoja, na yote yanatua pale pale, kwenye ti.

Nataka tuzungumze juu ya jambo hilo: maneno yenye urefu mmoja na mwisho mmoja. Nataka kulizungumza redioni kwa sababu redio haina herufi. Hapa tuna sauti tu, na ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba kwenye sauti ndiko jambo hili lilikozaliwa na ndiko linakopaswa kurudishwa.

Watoto wetu wengi hukutana nalo kwanza katika Kiingereza, kwenye imla. Mwalimu huyapanga maneno kwa makundi ubaoni, yale ya herufi tatu pamoja, ya herufi nne pamoja, yanayoishia kwa herufi moja pamoja. Mtoto anaambiwa cat, hat, mat, anafurahi, kwa maana anachokiona ndicho anachokisikia. Kisha siku moja anaandikiwa cough, rough, dough na bough. Tazameni maneno hayo. Kila moja lina herufi tano. Yote yanaishia kwa h. Tena si herufi ya mwisho tu, herufi nne za mwisho ni zile zile katika yote. Kwa jicho, hakuna ndugu wanaofanana kuliko hao. Lakini mwambie mtoto ayasome. La kwanza ni kof. La pili ni raf. La tatu ni dou. La nne ni bau. Hakuna hata mawili yanayopatana kwa sauti.

Halafu geuza upande wa pili. Blue na crew yana herufi nne nne, moja linaishia kwa e, jingine kwa w, lakini kwa sikio ni mapacha.

Waingereza hawakufanya hivyo kwa makusudi. Mashine ya kuchapa vitabu ilifika kwao mwaka 1476, ikiletwa na William Caxton, na kidogo kidogo uchapaji ukayazoesha macho maumbo fulani ya maneno. Matamshi yenyewe yalikuwa bado yanatembea. Irabu ndefu za Kiingereza zilihama karne kwa karne, tahajia ikabaki nyuma. Ndiyo maana mashairi yao ya zamani yana maneno kama love na move yakiwa yamewekwa kama vina. Leo ukiyasoma kwa sauti hayapatani, na yamebaki kuwa vina vya jicho.

Mtoto wa Kapseret anayejifunza hayo hana kosa lolote. Ninachokihofia ni kwamba anatoka kwenye somo hilo akiwa ameshika fundisho moja, kwamba mfanano wa maneno ni jambo la kuangalia. Anaingia kwenye somo la Kiswahili akiwa na fundisho hilo, anakutana na ushairi, anaambiwa kuna vina na kuna mizani, na anaanza kuhesabu kwa macho na ncha ya kalamu.

Kiswahili hakikujengwa hivyo. Kwa karne nyingi mashairi ya pwani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo, kwa jinsi zilivyotumiwa, zilikuwa na alama moja kwa e na i, na alama moja kwa o na u. Msomaji alipokuta neno karatasini, karatasi haikumwambia kila kitu. Ilimbidi alitie mdomoni, alipime kwa maana na kwa wimbo, ndipo ajue ni irabu ipi. Huwezi kuusoma ushairi ulioandikwa namna hiyo kwa kunyamaza.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi wa wasia. Utendi huo una beti zaidi ya 100. Kila kipande kina mizani 8. Katika kila ubeti vipande vitatu vya kwanza vinashika kina kimoja, na kipande cha nne kinarudi kwenye ya, ubeti baada ya ubeti, mpaka mwisho. Wanawake wengi wa Lamu na visiwa vya jirani waliujua kwa moyo. Hebu fikiri juu ya uwezo huo. Mama anafua au anapika, huku anasoma beti mia moja na zaidi bila karatasi, na kila anapomaliza vipande vinne ile ya inampokea na kumsukuma mbele.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Urefu mmoja na mwisho mmoja ni ufundi wa kukumbuka.

Mfikirieni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840. Mashairi yake mengi hayakuwa yamekaa katika kitabu. Yalikuwa vinywani mwa watu wa Mvita. Miongo kadhaa baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua, mwenyeji wa Mombasa, aliyakusanya kwa watu waliokuwa bado wanayakumbuka, akashirikiana na Mwingereza William Taylor kuyahifadhi. Diwani yenyewe ilichapishwa mwaka 1940, ikihaririwa na William Hichens. Yaani karne nzima imepita kati ya mtunzi na kitabu. Ni nini kilichoyashikilia mashairi hayo yasipotee? Mapenzi ya watu, bila shaka. Lakini mapenzi peke yake hayazuii neno kuponyoka.

Niwaonyeshe jinsi vina na mizani vinavyofanya kazi hiyo. Nimetunga ubeti mmoja kwa majina yetu yale manne. Ni ubeti mwepesi, wa mtoto kutembea nao akienda shule:

Kumekucha nimetoka, naanza Kapsereti,
Kusini nikageuka, nafika Kapsabeti,
Mashariki kwainuka, nalala Kaptagati,
Kesho yake nikachoka, narudi Eldoreti.

Kila mshororo una mizani 16, 8 upande huu na 8 upande ule. Kina cha kati ni ka, cha mwisho ni ti. Sasa chukulia kwamba umeukariri leo, na baada ya miaka ishirini unataka kumfundisha mjukuu. Unafika mshororo wa pili, unasema, kusini nika, kisha neno limekuponyoka. Katika hadithi ya kawaida ungetia neno lolote na kuendelea, na aliyekusikia angepokea neno hilo la kubandika. Katika shairi huwezi. Pengo lililobaki lina kipimo. Ulichosema kina mizani tano, kwa hiyo neno unalolitafuta lina mizani tatu kamili, si mbili, si nne. Na mwisho wake ni ka. Tena lazima lilete maana ya mtu aliye njiani kuelekea kusini. Nikakimbia? Mizani imetimia, mwisho si wenyewe. Nikafika? Mwisho umekubali, mizani imepungua. Nikageuka. Hilo limeingia. Shairi limejitibu lenyewe, wewe umelishikia taa tu.

Ndiyo sababu nasema maneno ya urefu mmoja na mwisho mmoja ni hazina, na mtoto akifundishwa kuyakusanya kwa sikio amepewa kitu cha maisha. Geuka, anguka, vunjika, kauka, rudika, zunguka. Mizani tatu tatu, mwisho ka. Malenga anatembea nayo kichwani kama fundi na misumari yake, na pengo likitokea anajua atie mkono wapi.

Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kuandika na kusambaza waraka ulioiuliza Kenya inaelekea wapi. Mashairi aliyoyatunga gerezani aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Mtu aliye kwenye upweke wa namna ile, hana kitabu, hana karatasi halali, alitunga kwa vina na mizani kamili. Wapo wanaoshangaa kwamba alijibana kwa sheria hali tayari amebanwa na kuta. Mimi nadhani wamekosea kuuliza. Karatasi ya namna ile inaweza kunyakuliwa wakati wowote. Shairi lenye vina na mizani mtunzi anaweza kulibeba kichwani, na hakuna askari wa gereza atakayelipata kwa kumpekua.

Nirudi hapa kwetu Uasin Gishu, maana kuna jambo hapa ambalo lilinifurahisha sana nilipolipata. Wazee wa hapa bado wanauita mji wetu Sisibo. Shamba ambalo mji ulianzia lilikuwa nambari 64 katika ramani ya walowezi, wakawa wanapaita sixty-four, na sikio la Kinandi likalipokea jina hilo na kulifanya Sisibo. Jina Eldoret lilipewa mji rasmi mwaka 1912. Husimuliwa kwamba linatokana na neno la Kimaasai, eldore, kwa ajili ya mawe ya mto Sosiani, na kwamba ile t ya mwisho iliongezwa ili jina lisikike kama la Kinandi. Tangu Agosti 2024 Eldoret ni jiji. Basi chukueni ule ubeti wangu. Mishororo minne, kila mmoja mizani 16. Zidisheni. Mnapata 64. Ubeti kamili wa tarbia, ambao ndio ubeti mashuhuri kuliko wote katika ushairi wa Kiswahili, una mizani 64. Kwa hiyo mtoto wa hapa asiambiwe kwamba hesabu ya shairi ni ngumu kukumbuka. Ameipata kwa babu yake.

Nimeitaja ile t ya mwisho, na siwezi kuipita. Nawasikia walimu wakisema kwamba watoto wa huku bara hawana sikio la vina, kwamba vina ni mambo ya watu wa pwani. Sikubaliani nao hata kidogo. Katika Kinandi, nomino inapotaja kitu mahususi, mara nyingi umoja wake huishia kwa t na wingi wake kwa k. Lakwet ni mtoto, lagok ni watoto. Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, ni mmoja, orkoik ni wengi. Lakwet, kokwet, kimyet: mtoto, baraza la majirani, ugali. Yapimeni maneno hayo matatu kwa herufi, mtapata 6, 6 na 6, na yote yanatua kwenye et. Mtoto anayelelewa katika lugha hiyo anasikia miisho inayopatana tangu alfajiri hadi usiku, katika mazungumzo ya kawaida kabisa, bila mtu yeyote kutunga shairi. Sikio lake limelelewa vizuri. Na jirani yake wa Langas, ambaye nyumbani ni Kiluhya au Kigikuyu au Kijaluo, ana sikio lake pia, na uwanjani wanachezea Kiswahili pamoja.

Tofauti iliyopo ni nyingine, na ni ya kufikiriwa. Kwa kuwa mwisho ule katika Kinandi unaletwa na sarufi yenyewe, unapatikana bure, na kitu cha bure hakimtukuzi mtunzi. Nyimbo za Kinandi ninapozisikiliza, kinachonishika ni sauti ya kiongozi na mwitikio wa kundi. Na hata katika Kiswahili tuna vina vya bure. Mtunzi anayemalizia kila mshororo kwa ni, mjini, shambani, njiani, barabarani, au kwa wa, alipigwa, alifukuzwa, alikamatwa, amepewa kina hicho na sarufi, hakukitafuta. Malenga wa kweli anakiacha kina kitoke kwenye maneno ya aina mbalimbali, nomino hapa, kitenzi pale, jina la mahali kule, mpaka msikilizaji ashangae jinsi maneno yasiyohusiana yalivyokutana mlangoni.

Wapo watakaoniuliza kuhusu mashairi huru. Kaluta Amri Abedi, ambaye alikuja kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na kwa wengi sheria hizo zikawa ndizo mpaka wa ushairi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Kichomi, na humo aliviacha vina na mizani. Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali. Mimi Kezilahabi nampenda, na naamini alichokisema hakikuweza kukaa katika vipande vya 8 kwa 8. Lakini mashairi yake yanahitaji ukurasa. Yanahitaji macho, nafasi nyeupe, kurudi nyuma na kusoma tena. Shairi la aina ile sitaki kulilinganisha na la Muyaka kana kwamba yanashindania kiti kimoja.

Ninachogombana nacho ni ukimya wa madarasa. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya tatu ya Kiswahili, mtahiniwa hukutana na shairi na huenda akaulizwa juu ya bahari zake. Wanafunzi wanajua kujibu. Vina vya kati vinafanana na vya mwisho vinabadilika, basi ni ukara. Vina vinabadilika kutoka ubeti hadi ubeti, basi ni ukaraguni. Vyote vinafanana mwanzo hadi mwisho, basi ni mtiririko. Majibu ni sahihi na alama wanazipata. Lakini nimewaona wakiyapata majibu hayo bila kufungua midomo, wakipitisha kidole juu ya herufi za mwisho kama wanaotafuta neno katika kamusi. Shairi limesahihishwa na hakuna aliyelisikia. Swali la mtihani halina ubaya. Darasa ndilo lililonyamaza.

Walimu wangu wa Ngeria, wa Megun, wa Kipkenyo, wa Simat, nawaomba kitu kidogo tu. Kabla hamjaandika shairi ubaoni, lisomeni kwa sauti watoto wakiwa wamefunga vitabu. Lisomeni tena, safari hii mkinyamaza kabla ya kina cha mwisho, mwaachie watoto wakitaje wenyewe. Watakitaja. Watakitaja hata wale mnaosema Kiswahili chao ni hafifu, kwa sababu mwisho wa shairi unaitika wenyewe. Waacheni wapige makofi mizani nane, kisha nane. Mwanafunzi akikosea mizani, makofi yatamwambia kabla yenu. Baada ya hapo ndipo mfungue vitabu mkatazame herufi. Mtakuta herufi zimekuwa ushahidi wa kile ambacho tayari wamekisikia.

Na wazazi, jioni mnapokaa, mnao mchezo tayari. Kinandi kina tangoch, Kiswahili kina vitendawili, na Mwingereza Hollis alipoandika kitabu chake kuhusu Wanandi, kilichochapishwa mwaka 1909, alivikuta vitendawili hivyo viko hai na akavikusanya. Anayetega anaacha pengo, anayetegua analijaza. Ongezeni huu: mmoja asome mshororo mwenye pengo, wengine watafute neno linaloingia. Neno refu linakataliwa, fupi linakataliwa, lenye mwisho mwingine linakataliwa hata kama maana yake ni tamu.

Hebu tuanze usiku huu huu, kwa kuwa ni msimu wa mavuno na magunia yako barazani. Mshororo wangu ni huu: mahindi yame, kisha pengo, tuuze Eldoreti. Kabla ya pengo mmekwisha kupewa mizani tano. Neno linalotakiwa lina mizani tatu, na kina chake ni ka. Najua wengi mmeshasema yamekomaa. Mizani imetimia, lakini neno hilo linaishia kwa a tupu, na shairi halitalipokea. Yapo maneno kadhaa yanayoingia kwa urefu na kwa mwisho, ila moja tu ndilo ambalo mkulima wa Kapseret angelisema kabla ya kuyapakia mahindi yake kwenye lori. Mleteeni mtoto swali hilo mezani, na msimpe kalamu.